Deni la Baba, Paa la Mama

Bati liking'olewa hulia kwa muda mrefu, msumari baada ya msumari, na kelele yake huingia kwenye meno ya mtu aliye chini. Niliisikia asubuhi moja kule Bugendana, umande ukiwa bado juu ya majani ya maharage. Wanaume watatu walikuwa juu ya nyumba yetu, na mmoja wao, mwenye kofia ya sufu, alikuwa na nyundo ya kung'olea misumari. Kila msumari uliotoka aliunyoosha kidogo kwa meno ya nyundo, akautia mfukoni.

Kaka yangu alipanda ukuta kwa mikono mitupu, akamshika mguu. Yule mtu aligeuza nyundo, akampiga kwa mpini begani, halafu mdomoni. Kaka akaanguka chali kwenye rundo la magunzi ya mahindi. Damu ilimtoka mdomoni ikachuruzika kwenye magunzi meupe, naye akabaki pale akitazama juu, kama anasubiri mtu amweleze kilichotokea.

"Usinishike mguu, kijana," mwenye kofia alisema kutoka juu, bila hasira, kama fundi anayesumbuliwa kazini. "Mi natumwa tu. Na we ulisema mwenyewe mbele ya watu, deni iko yako."

"Mrudi Tanzania mkakope huko," mwenzake akadakia.

Walishusha mabati ya upande wa jikoni, wakayafunga kwenye baiskeli. Kabla ya kuondoka, mwenye kofia alimsogelea mama, ambaye hakuwa amesimama muda wote huo, akainamisha kichwa kama mtu anayemwamkia mkwe wake. Alisema tajiri wa Muyinga anasalimia. Tukishavuna maharage na kama hatujalipa, watarudi kuchukua paa lililobaki. Baada ya paa, tajiri ataomba shamba.

Mchana mvua ilinyesha mekoni. Mama aliinua mafiga moja moja, akayahamishia chumba cha kulala.

Baba yetu alikuwa mkulima aliyetaka kuwa mfanyabiashara kwa msimu mmoja tu. Tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania, kwenye kambi ambako mimi na kaka tulizaliwa na kusoma, na shamba tulilolikuta lilikuwa la babu yake, halijagawanywa, limesimama kwa jina la ukoo mzima. Kaka alijenga nyumba kwa fedha za baiskeli. Alibeba ndizi kutoka Mutaho hadi Gitega, na kwenye vilima alikuwa akishika nyuma ya lori kwa mkono mmoja, mwingine ukiongoza usukani, likimvuta mpaka juu. Kila bati la nyumba ile lilitoka kwenye mkono ule. Baba aliona aibu kulala chini ya paa la mwanawe. Alikwenda Muyinga wakati wa mavuno, maharage yakiwa ya bei ya chini, akakopa kwa tajiri mmoja mwenye ghala karibu na soko, akajaza lori lisilo na turubai ili akauze Gitega.

Mvua iliwakuta njiani. Maharage yalichipua ndani ya magunia, yakatoa mikia midogo myeupe. Baba alifungua gunia baada ya gunia huku akicheka, na ni heri angelia. Kila mwezi riba ilizaa riba. Akaugua tumbo, na kabla mwaka haujaisha tukamzika.

Kwetu msiba una siku yake ya kuondolewa. Watu hurudi nyumbani kwa marehemu, pombe ya mtama huletwa ndani ya mtungi pamoja na mirija, na kabla mtu hajainama kunywa, mwana mkubwa husimama. Husema: kama yuko aliyemdai marehemu, aseme, kama yuko aliyedaiwa naye, aseme pia, mimi niko hapa. Ni maneno ya heshima, husemwa kama sala. Kwa kawaida jirani mmoja hukumbusha jembe lake, mwingine hukumbusha mtungi, watu hucheka kidogo, kisha hunywa.

Kaka alisimama akiwa amevaa koti la baba. Aliyasema yale maneno vizuri, kwa Kirundi chenye lafudhi ya Tanzania, na watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo mgeni mwembamba mwenye viatu vilivyong'aa alipoinuka kutoka benchi la nyuma. Alisema yeye anatoka Muyinga na alimdai marehemu. Alipotaja kiasi, mwanamke mmoja karibu yangu alishika kifua.

"Nimesikia," kaka alisema. "Uje kwangu."

Watu walimpigia makofi. Nami nilipiga. Nilidhani nimeona jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona katika nchi hii tuliyoirudia.

Mabati ya jikoni yalipokwisha kuchukuliwa, nilikwenda Gitega kumtafuta mtu wa kufuta madeni. Niliamini yupo. Kambini tulikuwa tukisikia redioni kwamba mtu aliyeshindwa kabisa anaweza kwenda mbele ya jaji, akasema nimefilisika, akaachiliwa aanze upya. Niliwaza hata sura ya huyo jaji.

Nje ya mahakama nilimkuta bwana mmoja mwenye suti na mashine ya kuchapa, ameketi chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Alinisikiliza kwa huruma kubwa.

"Dada, we unataka karatasi ya kufilisika," alisema. "Mi natengeneza. Iko na mihuri."

Alipokea kuku wetu wa mayai, akachapa kwa vidole viwili kwa muda mrefu, akapiga mihuri kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Niliondoka nikiwa nimeikumbatia karatasi ile kifuani.

Njiani nilipita mtaa wa Waislamu, kwenye baraza la mafundi cherehani, nikashonesha koti la baba lililochanika mshono wa bega siku ile ya nyundo. Fundi, mzee mwenye kofia nyeupe, aliniuliza nani amelichana. Labda kwa sababu hakuniuliza kwa huruma, nilimweleza yote. Alikata uzi kwa meno.

"Binti yangu iko avoka," alisema. "Panda hapo juu. Sema baba amekutuma."

Juu ya ngazi kulikuwa na chumba kimoja, meza, chupa ya chai na joho jeusi limetundikwa msumarini. Mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani alikuwa akila mandazi. Mawakili huku huitwa metre, nami nilimwita hivyo, nikajitahidi kusimama wima.

"Keti, dada. Bon. Nani amekufa?"

"Umejuaje, Metre?"

"Watu wa madeni wanakuja aina mbili. Wenye kukopa wanaongea mbio mbio. Wenye kuachiwa wananyamaza kwanza. We umenyamaza."

Nikampa karatasi yangu. Aliisoma, akaweka andazi chini, akaisoma tena.

"Hii inasema baba yako alikuwa kampuni ya mabasi."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilitaka kulia, lakini kicheko chake kilikuwa cha kweli kiasi kwamba nami nikaanza kucheka.

"Donc, sikiliza," alisema alipotulia. "Ile ya kwenda kwa jaji na kusema nimeshindwa, nifungueni, hapa kwetu iko ya wafanyabiashara wenye kuandikishwa. Baba yako aliandikishwa?"

"Hapana. Alifanya biashara mara moja. Na hata hakuuza."

"Voilà. Mlango ule haufunguki kwenu. Aliacha nini?"

"Koti."

"Shamba?"

"La ukoo. Halijagawanywa."

"Nyumba?"

"Ya kaka. Aliijenga kwa baiskeli."

Aliegemea kiti, akaitazama dari. Aliniambia kwamba mtoto hashurutishwi kurithi. Anaweza kwenda kwa wazee na mahakamani akasema sitaki mali yake, sitaki na deni lake, mradi hajaanza kujifanya mrithi. Kaka angelisema hivyo tangu mwanzo, tajiri wa Muyinga angepata koti na magunia yaliyooza.

"Lakini alisimama," nilisema.

"Alisimama, alivaa, alisema uje kwangu. Iko mashahidi kilima kizima. Bado naweza kujaribu. Jaji anaweza kuamini kwamba ilikuwa desturi tu, maneno ya msiba. Lakini lazima yeye mwenyewe arudi mbele ya wale wale watu akatae. Mlete."

Kaka alikuja wiki iliyofuata, mdomo umekwisha kupona vibaya, pembe moja imepanda juu kama anayedharau. Metre alimweleza polepole. Kaka alisikiliza hadi mwisho.

"Nimkatae baba?"

"Hapana. Urithi wake."

"Kilimani kwetu hakuna mtu atakayeona tofauti."

"Watu wa kilima hawatakupa bati, kaka yangu."

"Nilivaa koti lake, Metre. Nilisema kwa mdomo wangu."

"Basi mama yako atalala mvuani kwa sababu ya mdomo wako. Quoi, hiyo ndiyo heshima?"

Kaka alipiga meza kwa ngumi. Chupa ya chai iliruka, ikapasuka sakafuni, na vioo vya ndani vikatawanyika kama barafu. Chini cherehani zote zilinyamaza. Metre hakurudi nyuma. Aliutazama mkono wa kaka juu ya meza, ule mkono wa kushikia malori, mishipa imesimama.

"Huo ndio naogopa," alisema. "Iko njia ya tatu, lakini huo mkono unaweza kuiharibu."

Alitueleza akiwa ameinama kuokota vioo, nami nikimsaidia. Deni lisilofutika linaweza kupunguzwa. Jaji anaweza kuikata riba iliyopita kiasi na kumpa mdaiwa muda. Hakuna anayefungwa kwa sababu tu hana cha kulipa. Na hakuna anayegusa kitu cha mdaiwa bila hukumu. Hata mtu wa mahakama akija na hukumu mkononi, huacha kitanda, jembe na chakula.

"Yule aliyepanda juu ya nyumba yenu iko mwizi mwenye nyundo," alisema. "Wao wamepiga. Ninyi hamkupiga. Hiyo ndiyo mali yenu yote mbele ya jaji. Siku utarudisha ngumi hata moja, mtakuwa walevi wawili waliopigana, na mimi narudi kwa mandazi yangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa," kaka alisema.

"Sema tena."

"Sitapiga mtu."

Alitaka kwanza tumwone tajiri ana kwa ana. Tulikwenda Muyinga sisi watatu. Ghala lake lilinuka vumbi la maharage na mafuta ya taa. Yeye, katika viatu vile vile vilivyong'aa siku ya msiba, aliketi kati ya magunia, karibu na mizani, na alizungumza kwa sauti ya chini hivi kwamba wapagazi walipita wakikanyaga kwa tahadhari.

"Metre, mi siko mtu mubaya," alisema. "Baba yao alifukuzwa kila mahali. Mi nilimupa franga. Unafikiri zilikuwa zangu zote? Na mimi iko watu wananidai. Hao hawakuji na nyundo. Wanakuja na bunduki."

Metre alisema tutalipa kile kilichokopwa, kidogo kidogo, kila msimu wa kahawa, na mapatano yafanyike mbele ya wazee wa kilima chetu, wale wanaoitwa bashingantahe, kisha yapelekwe mahakamani.

"Wazee wenu wanakunywa pombe yenu," tajiri alijibu.

Aliinuka, akamkaribia kaka, akashika ukosi wa koti kati ya vidole viwili, kama mteja anayepima kitambaa.

"Koti hii mi naijua. Aliivaa siku ya kukopa."

Alimpiga kofi. Kofia za wapagazi ziligeuka zote. Alimpiga lingine kwa upande wa pili, kwa mgongo wa mkono, na pete yake ikafungua upya ule mdomo. Kaka alikuwa ameficha mikono yake kwapani. Niliona damu ikifuata mshono mpya wa koti.

"Bon," Metre alisema. Alikuwa ametoa kalamu. "Endelea kama unataka. Mi naandika."

Tajiri alirudi kuketi.

Tulipofika nyumbani kaka alichukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kukata migomba. Aliikata iliyokwisha kuzaa na iliyokuwa na mikungu bado, maji ya shina yakimrukia usoni, mpaka panga likakwama na yeye akapiga magoti. Mama alimtazama kutoka mlangoni.

"Hizo ndizi zilikuwa zetu," alisema.

Maharage yalivunwa. Walirudi siku ya jua kali, wale wale watatu. Mwenye kofia ya sufu alitusalimu, akapanda juu bila kuharakisha, na kelele ya bati ikaanza tena. Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu karibu na ukuta. Hakuacha kutwanga. Kaka aliketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, akakalia mikono yake.

Nadhani hilo ndilo lililowachanganya. Walikuwa wameambiwa wapate ngumi moja tu kutoka kwake. Baadaye tulijua tajiri aliwaahidi posho ya ziada kwa ajili hiyo. Mwenye kofia alishuka.

"Simama upigane, Mtanzania."

Kaka alitazama chini. Mmoja akampiga teke la ubavu. Kigoda kikapinduka, kaka akainuka, akakiweka sawa, akakalia tena mikono yake. Wakacheka. Walimpiga teke lingine. Walimwaga kapu la maharage kichwani pake. Mwenye kofia aligeuza nyundo, akampiga mpini gotini, na kwa mara ya kwanza kaka alipiga ukelele, mfupi, kama mbwa. Akarudi kwenye kigoda. Mwenye kofia akainua tena nyundo, safari hii kwa upande wa chuma.

Nikasikia kinu kimenyamaza.

Mama aliupeleka mchi kutoka begani, kama anavyotwanga, ila kwa upande. Sauti ya mfupa ilikuwa ndogo, ndogo kuliko ya bati. Nyundo ilianguka juu ya maharage. Yule mtu alitazama mkono wake ukining'inia mahali ambapo haukupaswa kukunjika, akaketi chini taratibu, kofia ikamdondoka, na nikaona kwamba alikuwa na mvi. Wenzake walimnyanyua, wakaondoka naye bila bati hata moja.

Mama aliufuta mchi kwa kanga yake, akaendelea kutwanga.

Metre alipopata habari alipanda gari hadi barabarani, kisha akapandisha kilima kwa miguu, viatu mkononi.

"Mama, nilikataza mikono," alisema akiwa bado anahema.

"Ulimkataza mwanangu," mama alijibu. "Mimi hukunikataza."

Metre akaomba maji ya kunywa.

Alikuwa na hakika kwamba tumeshindwa. Ngumi imerudishwa, tena kwa mfupa uliovunjika, na tajiri ataitumia. Lakini tajiri alifanya kosa la mtu mbahili. Mwenye kofia, fundi wa mabati kutoka Giheta ambaye alikuwa akipigilia mapaa ya watu siku za kawaida, alikwenda Muyinga kuomba fedha za mtu wa kuunga mifupa. Tajiri alimwambia mkono ni wake, auguze mwenyewe. Basi fundi akaja kushitaki kwa wazee wa kilima chetu, akidai fidia kutoka kwa mama. Ni yeye aliyelifungua shauri ambalo tajiri alikuwa akilikimbia.

Watu walijaa uwanjani kwetu, chini ya paa lenye tundu. Wazee waliketi kwenye benchi na fimbo zao, mmoja wao akisinzia waziwazi, mwingine akiuliza kila mara kama mtungi wa pombe umeshawekwa maji ya moto. Aliyekuwa akiuliza maswali alikuwa na kikohozi.

"Ulivunjikia wapi?"

"Hapa. Uwanjani kwa huyu mama."

"Ulikuja kumsalimu?"

Watu walicheka. Fundi alitazama mkono wake, uliofungwa shingoni kwa kitambaa.

"Nilikuwa nimetoka juu ya paa."

"Paa lilikuwa linavuja, ukaja kuliziba?"

"Hapana. Nilikuwa naling'oa."

"Nani alikutuma?"

Fundi aliinua mkono mzima, akamwonyesha tajiri, ambaye alikuwa ameitwa na sasa asingeweza kusema hajui. Metre alisimama kutoka tulipoketi wanawake, akasema maneno machache tu: kwamba hakuna hukumu iliyotolewa, kwamba makofi ya Muyinga ameyaandika, na kwamba mdaiwa hajawahi kukana deni. Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Kisha wakapiga fimbo chini. Riba yote inaanguka. Kilichokopwa kinabaki, kitalipwa kila msimu wa kahawa. Mabati yanarudi. Mama atamlimia fundi shamba lake hadi mkono upone.

Tajiri alisimama. Alianza kwa sauti yake ya chini, kisha ikampanda. Alisema sisi tuliohunguka, yaani wakimbizi tuliorejea, ni wezi, tumerudi na mikono mitupu kuchukua mali ya waliobaki, na wazee hawa wamenunuliwa kwa pombe. Akaupiga mtungi teke. Mtungi ukapasuka, pombe ya mtama ikamwagika miguuni pa wazee, mirija ikaelea.

Sijawahi kuona uwanja ukibadilika haraka vile. Mtungi ule ulikuwa wa watu wote, nao walihisi teke lile matumboni mwao. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho. Fimbo iliyofuata ilimwangusha. Watu niliowajua kwa majina, watu waliotuletea chumvi tulipohamia, walikuwa wakisukumana wapate nafasi ya kukanyaga. Niliona kiatu kimoja kinachong'aa kikiruka juu ya vichwa. Metre alikuwa akipiga kelele za sheria na hakuna aliyemsikia.

Ndipo kaka akaingia kati. Goti lake halijapona, alijikokota. Alimlalia tajiri juu, koti la baba likiwafunika wote wawili, na fimbo zilizokwisha kuinuliwa zilimwangukia yeye mgongoni kabla wenye nazo hawajaweza kuzizuia. Hakujikinga. Alipopata pumzi alisema, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Mwacheni. Huyu ni mdai wangu. Nilisema aje kwangu, amekuja."

Fimbo zilishushwa. Mzee mwenye kikohozi alikohoa. Tajiri alitoka chini ya koti kwa mikono na magoti, damu imemjaa jicho, akatafuta kiatu chake, na mama yangu ndiye aliyekiokota akampa. Alikivaa. Akamtazama kaka aliyekuwa bado amelala kifudifudi juu ya pombe na vigae.

"Ile ya kukopa tu," alisema mwishoni. "Bila riba."

Alitia kidole gumba kwenye karatasi ya Metre, ingawa alijua kuandika. Damu ya jichoni haikumwacha auone mstari.

Mabati yalirudi kwenye baiskeli ile ile. Kaka aliyapigilia mwenyewe, na fundi alikuja kutoka Giheta kusimama chini na kumfokea: msumari uwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni, au unataka mama yako aoge kitandani? Alimrudishia misumari, ile ile, kutoka mfuko ule ule. Deni halijaisha hata leo ninapoandika haya. Kila msimu wa kahawa kaka hupanda baiskeli kwenda Muyinga, hulipa, hupewa chai, hurudi. Tajiri hamwiti Mtanzania kama watu wake walivyomwita. Humwita kwa jina la baba.

Mimi nilifuatana na mama kwenda Giheta kulima. Shamba la fundi lilikuwa dogo, lenye mawe, limepandwa muhogo juu ya maharage. Yeye aliketi ukingoni, mkono shingoni, akisema mstari wa mama umepinda. Mama alikuwa akilima kama mtu aliye peke yake. Siku moja jua lilipokuwa kichwani fundi alituletea maji ya kunywa, akasimama hapo akizungusha kikombe tupu kwa mkono wa kushoto.

"Mama, ulipiga kwa nguvu kweli," alisema. "Mkono mzima. Mi nilifikiri utagonga bega tu."

Mama alifuta jasho kwa kiganja.

"Nililenga kichwa," alisema.

Fundi aliweka kikombe chini. Kisha akaketi tena ukingoni, mbali kidogo kuliko mwanzo, na kuhusu mstari hakusema kitu tena mpaka jioni.